Amri ya Mita Moja

Butembo, Jumatatu 4 Septemba 2000

Mvua imerudi. Leo asubuhi tumeitwa bureau, ofisi ya utawala, mashefu wote wa avenue, yaani wakuu wa mitaa, tukasimama kwenye baraza kama wanafunzi waliochelewa, viatu vimejaa udongo mwekundu. Syauswa, mkubwa wetu pale bureau, alitoka na kikombe cha chai mkononi akatutangazia amri mpya ya kamanda wa askari walioshika mji wetu: ua wowote unaotazama njia usizidi mita moja kutoka ardhini. Uwe wa mbao, wa matete, wa miti ya kupanda, ni mamoja. Doria ikipita ione mpaka mlango wa nyumba. Tumepewa wiki nne. Baada ya hapo askari watakuja kukata wenyewe, na kila mtu anajua kwamba askari wakiingia katika lupango, yaani ua wa nyumba ya mtu, hawatoki na majani tu.

Nikauliza, "Na karatasi ya ile amri iko wapi, chef? Batu batauliza."

"Karatasi iko inakuja," akasema. "Weye anza kupima."

Akatugawia daftari za kuandikia majina ya wakaidi. Hii ndiyo yangu. Nimeanzia kurasa za nyuma kuandika mambo yangu mwenyewe, maana nyumbani sina wa kumlalamikia. Bénite, mke wangu, husikiliza nusu ya maneno halafu anacheka.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa msaidizi wa mpimaji wa viwanja, mpaka vita ikaifunga ile kazi. Nadhani ndiyo sababu walinifanya shefu wa avenue yetu hapa Kimemi. Walisema, "Ésaïe Kamate anajua kupima." Kweli, najua.

Jumatano 6 Septemba

Nimepita nyumba nyingi leo. Avenue ina nyumba thelathini na moja, na kila nyumba ina hasira yake. Mzee Kasonia, mfanyabiashara wa mbao, hakunifungulia hata mlango. Aliongea nami juu ya ua, nikiona kofia yake tu.

"Ésaïe, hii lupango nilijenga juu ya kuogopa bale benye banapita njiani na bunduki. Sasa babo ndiyo banasema nikate, baone muzuri? Mwizi anakuomba ufungue dirisha, na weye unamuletea ngazi!"

Nimeandika jina lake kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Mkaidi.

Bénite alipoisikia amri alisema, "Kama banapenda kuona ndani ya nyumba yangu, bakuje. Bataona sufuria ya majani ya sombe."

Ijumaa 8 Septemba

Nimekata ua wangu mwenyewe, ili watu waone mfano. Watu wameona. Hakuna aliyefuata.

Jumatatu 11 Septemba

Mvua. Bureau. Karatasi bado.

Alhamisi 14 Septemba

Leo nimefika kwa Maman Adèle. Nilikuwa nimemweka mwisho makusudi. Ua wake ndio mzuri kuliko zote: miti ya sipre iliyopandwa na marehemu mumewe, Maliro, seremala kutoka Kayna, ikakatwa vizuri kila mwaka mpaka ikawa ukuta wa kijani unaonipita kichwa. Nyuma yake Adèle anaishi na mwanawe, Delphin.

Delphin ana miaka ishirini na minne na mabega ya mbeba mizigo, lakini akili yake ilibaki pale homa ya utotoni ilipoiacha. Hana ubaya wowote. Shida yake ni moja, anaiga. Padri akija kuwatembelea, basi wiki nzima Delphin anabariki, mpaka kuku. Akimwona fundi, anapiga misumari ambayo haipo. Sisi majirani tumemzoea. Nyuma ya ile sipre alikuwa na ulimwengu wake mdogo, na ulimwengu mkubwa haukumwona.

Adèle alinipa kiti, akaendelea kuchambua maharagwe ya kuuza sokoni.

"Papa Ésaïe, Delphin unamujua tangu mutoto. Akiona njia, ataenda na njia."

"Maman, nikikuachia weye, nitabaambia nini bale bengine thelathini?"

"Baambie kwa Adèle kuko mugonjwa."

"Mais lakini kila nyumba kuko mugonjwa."

Aliendelea kutupa mawe nje ya ungo. "Na ile sheria, nani aliandika?"

"Iko bureau."

"Weye mwenyewe uliisoma?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema vile. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, nyumba thelathini zilikuwa zimeniuliza swali hilohilo, na kwa kila moja nilikuwa nimezungukazunguka. Kwa Adèle nikachukua njia fupi.

Jumanne 19 Septemba

Kumi na mbili wamekata. Kumi na tisa bado. Bureau: karatasi bado. Syauswa ameniuliza kama avenue yangu ina watu au ina mbuzi.

Jumapili 24 Septemba

Kanisani mtu alinipisha kiti kwa namna ya kunikimbia.

Jumatatu 2 Oktoba

Jana Syauswa alituma neno: askari wanakuja keshokutwa Jumatano kukagua, nyumba kwa nyumba. Wote wamekata sasa, hata Kasonia, aliyeng'oa mbao zake moja moja na kuzipanga ndani kama mtu anayepanga vyombo vya marehemu. Adèle tu ndiye hajagusa hata tawi.

Nimefikiri usiku kucha. Askari wakimkuta na ule ua wataukata wao, na watachukua maharagwe, na sufuria, na wakimwona Delphin sijui watafanya nini. Nikajiambia, afadhali mimi. Nikaenda asubuhi na panga na msumeno, na vijana wawili wa jirani.

Adèle aliniona nikiingia. Aliketi mlangoni akatugeuzia mgongo mpaka tulipomaliza.

Lakini Delphin! Alituona tunakata, naye akakata. Alichukua matawi akayaburuta, akacheka, akarudi kuchukua mengine, jasho linamtoka. Alikuwa mfanyakazi wangu bora. Sipre za mbele zilipoanguka, njia yote ikaonekana ghafula: chukudu, zile baiskeli za mbao, zimebeba mihogo, wanafunzi, akina mama na mitungi yao. Delphin akaacha kucheka. Akasimama mdomo wazi, mikono imeshika kisiki, kama mtu aliyefunuliwa pazia.

Nilipima. Sentimita tisini na nane. Nikaondoka.

Jumatano 4 Oktoba

Askari hawakuja.

Alhamisi 5 Oktoba

Hawakuja.

Jumatatu 9 Oktoba

Hawakuja. Bureau wanasema labda wiki ijayo. Nimeuliza karatasi. Syauswa amesema, "Ésaïe, weye unapenda karatasi kama panya."

Ijumaa 13 Oktoba

Nguo zimeibwa kwa watu watatu, zilikuwa kwenye kamba. Mbuzi wa jirani zetu wa chini amepotea. Kuku wa Kasonia wamekwenda wote, hata yule jogoo mzee ambaye hakuna sufuria ingemlainisha. Watoto wamenipa jina, Papa Mita. Wanaliimba nikipita. Bénite amewafukuza mara mbili kwa ufagio, na mara ya tatu nimemsikia akiucheka ule wimbo jikoni.

Jumanne 17 Oktoba

Ninachoogopa nakiandika hapa. Delphin ameanza kuiga doria.

Kila siku, saa nne hivi, askari saba au wanane wanapita wakielekea upande wa Rughenda, kwenye kiwanja cha ndege. Delphin anawangojea tangu asubuhi. Wakitokea, anachukua fimbo, anaiweka begani, na nyuma ya visiki vya sipre anatembea sambamba nao: gauche, droite, kushoto, kulia, kutoka mpaka wa kwanza wa kiwanja cha mama yake hadi wa pili. Kisha anapiga saluti. Askari wanacheka. Mmoja humwita "Général."

Adèle ananiangalia tu. Sasa anamfungia ndani akienda sokoni. Kutoka kwangu namsikia akilia na kupiga mlango.

Jumatano 18 Oktoba

Bureau. Nimeomba ruhusa ya kuinua ua wa nyumba moja tu, sababu ya ugonjwa. Syauswa: "Andika barua."

Ijumaa 20 Oktoba

Nimepeleka barua. "Ipigwe mashine."

Jumatatu 23 Oktoba

Barua imepigwa mashine. "Inakosa muhuri wa hospitali."

Alhamisi 26 Oktoba

Hospitalini nimekaa tangu saa mbili mpaka saa tisa. Muhuri nimepata. Nimekimbia kwenye mvua na barua ndani ya shati, bureau nimekuta imefungwa. Mlinzi ananiambia chef amekwenda matanga. Nilipiga lile komeo teke. Mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa.

Jumamosi 28 Oktoba

Wamemchukua Delphin.

Naandika nilivyoelezwa na Bénite, maana mimi nilikuwa tena kwenye mlango wa bureau.

Adèle alikwenda sokoni akiwa amefunga mlango kama kawaida. Delphin alipiga mpaka bawaba ya juu ikang'oka. Akatoka na fimbo yake. Doria ikatokea, lakini leo walikuwa wengi na wageni, wanakwenda kupanda camion, malori ya jeshi. Yeye akawafuata nyuma ya visiki mpaka mwisho wa kiwanja, na kwenye mpaka hakupiga saluti. Aliruka. Bénite anasema aliruka vizuri, kama mtu anayevuka kijito, akajiunga na mstari, nyuma kabisa, fimbo begani.

Bénite alikimbia. "Mulete! Mulete! Ule ni mugonjwa!" Askari wa mwisho aligeuka akamtazama Delphin kutoka juu mpaka chini, yale mabega, akasema, "Mugonjwa gani eko na nguvu hivi? Atabeba masanduku." Wengine wakacheka. Bénite akamshika Delphin mkono, naye akajitoa kwa upole, kwa sababu yuko kazini. Wakaenda.

Jioni Adèle akaja kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa matusi, hata kwa kofi. Alisimama kwenye mlango na kapu lake la sokoni bado kichwani.

"Papa Ésaïe," alisema, "nilikuambia ataenda na njia."

Akarudi kwake.

Jumatatu 30 Oktoba

Kambini kwa askari wametuweka, mimi na Adèle, juani, halafu mvuani. Jibu limepatikana saa kumi: ile kundi imekwenda Beni. "Mumufuate kule."

Jumatano 1 Novemba

Hakuna gari. Njia imekatika Kabasha, camion tatu zimelala ndani ya matope. Adèle amekwenda misa ya Watakatifu Wote, kisha akakaa kituoni na kifurushi cha nguo za Delphin magotini. Nimekaa hatua tano kutoka kwake. Hakunikaribisha karibu zaidi, nami sikuomba.

Jumapili 5 Novemba, Beni

Tumefika. Siku moja na nusu juu ya magunia ya maharagwe. Tuko kwa binamu yangu Timothée, mwalimu wa kwaya, nyumba iko karibu na kanisa lao. Joto la hapa linanichosha.

Jana, gari lilipokwama mara ya nne na wanaume wote tukashuka kusukuma, nilirudi juu ya magunia nimejaa tope hadi machoni. Adèle akanipa kitambaa nijifute. Ndipo akasema, akitazama bonde na si mimi:

"Siku ile ulikata, uliona Delphin vile alifurahi?"

"Niliona, Maman."

"Miaka ishirini nilimufungia. Nilisema ni kwa ajili yake. Batu basimucheke, basimupige. Mais ilikuwa kwa ajili yangu pia. Nilikuwa nasikia haya." Akakunja kitambaa. "Usifikiri nakusamehe. Nakuambia tu ile niliona."

Nilikuwa nikimdhani mwanamke wa kubembeleza na kulia. Simjui kabisa jirani yangu wa miaka kumi na tisa.

Jumatatu 6 Novemba

Sijui niandikeje siku hii.

Tulipokelewa na kapiteni, kijana ambaye ningeweza kumzaa, meza yake imejaa ramani na vikombe. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu asiye na muda. Nilimweleza kila kitu kwa mpango: mimi ni nani, amri ya mita moja, ua wa sipre, Delphin. Nilifikiri nikitaja amri ataona kwamba sisi ni watu watiifu, atatusaidia.

Akainua kichwa. "Amri gani?"

"Ile ya kukata nyua, mon capitaine. Muji muzima, mita moja."

"Muzee mushamuka," akasema polepole, "mi ndiye nilikuwa kamanda wa Butembo mwezi wa nane. Nilisema bakate haie, ile miti ya ua, pale Rughenda, pembeni ya kiwanja cha ndege, ili ndege ikishuka tuone batu. Urefu wa mita mia, basi. Nani alikutuma kukata muji muzima?"

"Bureau."

"Bureau! Mi niko na vita, nitapata wapi wakati ya kupima majani ya batu?" Akacheka, akamtazama mwenzake, akanitazama tena. "Lete ile karatasi nione sahihi."

Sikuwa nayo. Haijawahi kuwapo. Nyumba thelathini na moja, nami nimezipima kwa uangalifu mkubwa, sentimita kwa sentimita, kwa ajili ya neno alilolisema mtu akiwa amesimama, kuhusu mahali pengine.

Adèle alikuwa ameketi kando yangu. Aligeuza kichwa akanitazama. Ningependa angenitukana hapohapo.

Kuhusu Delphin, kapiteni alisema yuko kambi ya juu, jikoni. "Alikuja yee mwenyewe. Akitaka kwenda, aende. Mais fanyeni mbio. Kesho saa tatu ile kundi inapanda mbele, kule kwa vita, na babeba-mizigo bote banapanda nabo."

Tulipotoka, jua lilikuwa kama moto mbele ya macho. Tulitembea kimya mpaka kwa Timothée. Mlangoni akasimama.

"Ulisema uliisoma."

"Nilidanganya, Maman."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali uzito wa gunia kabla ya kulibeba. "Kesho tumutafute Delphin. Ile ingine itangojea."

Jumanne 7 Novemba

Saa mbili tulikuwa kwenye kizuizi cha kambi. Camion mbili zilikuwa zinapakiwa masanduku.

Delphin alikuwa akipasua kuni. Wamemvika koti la askari, limembana mabegani. Amekonda. Kwenye shavu ana alama ya kupigwa ambayo imeanza kuwa ya manjano. Alipomwona mama yake akacheka kwa furaha, akaja mbio, akasimama hatua mbili mbele yake, akapiga saluti. Kisha akarudi kwenye kuni.

Adèle alimwita. Alimshika mkono. Alimwambia kuna ndizi nyumbani, kuna kitanda chake, kuna kuku. Delphin alimsikiliza kwa heshima, halafu akamwonyesha masanduku. Kazi. Mpishi wa kambi, mtu mzima mwenye sigara sikioni, alituambia bila ubaya, "Ule anasikia amri tu. Kubembeleza haisikii."

Dereva akawasha gari la kwanza. Wabebaji wakaanza kupanda. Delphin akaweka shoka chini akajipanga nyuma yao, mgongo umenyooka, ametulia kama mtu aliyepata mahali pake.

Adèle akapiga magoti kwenye majivu. Sikuweza kumtazama.

Basi mimi, ambaye miezi miwili nimekuwa nikisema "bureau imesema," "chef amesema," "iko sheria," nilisogea mbele ya ule mstari, nikajaza kifua, na sauti iliyotoka sikujua kama ninayo.

"Delphin Maliro! Garde à vous!"

Visigino vyake vikagongana. Askari wote wakageuka. Mmoja alinyanyua bunduki, mwingine akaanza kucheka, na mimi nilijua kwamba nikisita hata kidogo yamekwisha.

"Demi-tour! En avant, marche! Gauche! Droite! Gauche!"

Akageuka. Akaja. Akapita mbele ya mama yake, mbele ya mpishi, mbele ya camion, macho mbele, mikono inapanda na kushuka. Nami nikarudi nyuma kinyumenyume nikipiga makelele, gauche, droite, mpaka kwenye kizuizi. Askari wa pale alikuwa na tabasamu lakini mti wake ulikuwa bado chini.

"Inua!" nilimwambia kwa sauti ileile. Naye akainua. Mungu ndiye anajua kwa nini.

Tulivuka Beni nzima hivyo. Sikuthubutu kunyamaza, maana kila nilipovuta pumzi, Delphin alipunguza mwendo na kutazama nyuma. Watu walitoka madukani kutucheka. Wauzaji wa mikate wakanipigia makofi. Kwenye kona moja nikaamuru, "Vua koti!" akavua, nikalitupa mtaroni. Adèle alikuwa nyuma yetu, viatu mkononi, analia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Kwa Timothée niliita, "Repos," na Delphin akaketi chini hapohapo, akalala. Sauti yangu imekwisha. Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Ijumaa 10 Novemba, Butembo

Tumerudi. Baridi, ukungu, mvua. Nimefurahi kuiona hata mvua.

Delphin yupo nyumbani. Haigi tena doria. Leo ilipopita alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, uso ukutani, mpaka sauti ya viatu ikapotea. Hatujui aliona nini kule, naye hana maneno ya kutuambia. Lakini wanawake wakipita na mitungi anarudi mbele kuwatazama.

Jumapili 12 Novemba

Baada ya ibada sikwenda nyumbani. Nilianza nyumba ya kwanza. Kila mlango nilisema maneno yale yale, ili nisipate nafasi ya kuyapamba: "Karatasi haikuwako. Kamanda alisema Rughenda tu. Nilikuwa sijaisoma, na nikawaambia mukate."

Mmoja alinifungia mlango usoni. Mmoja aliniuliza nani atamrudishia mbuzi wake. Mwanamke mmoja alisema alijua siku zote, jambo ambalo si kweli. Wengi walinitazama tu, na hilo ndilo lilikuwa gumu.

Kasonia alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, mvua inamnyeshea upara. Nilingoja aniambie lile la mwizi na ngazi. Badala yake akasema, "Wasingya, Ésaïe," asante kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. "Hawa bakubwa bote, hakuna moja alishaniambia amekosa." Halafu akanipeleka nyuma kunionyesha mbao zake zilizopangwa. "Chukua za kujenga kwa Adèle. Anza na kwake."

Nimelifuta jina lake kwenye daftari. Kisha nikayafuta yote.

Jumatano 15 Novemba

Bureau. Syauswa alikuwa ameshasikia.

"Unazunguka na kusema sheria haiko?"

"Haiko, chef. Nilifika Beni. Nilimuona kapiteni na macho yangu."

Akafunga mlango. Mara ya kwanza nimemwona bila kikombe. "Sikia, Ésaïe. Alisema Rughenda, ndiyo. Mi nikasema, tuonyeshe bidii, tusingoje batuambie mara ya pili. Unajua vile banafanya kama bureau haina bidii? Unajua mutu mwenye alikaa hii kiti kabla yangu eko wapi?"

Sikujua. Akaniambia. Sitaliandika hapa, lakini nilielewa kwamba yule mtu wa chai pia anaogopa kila akisikia gari linasimama nje.

"Basi ondoa ile amri," nikasema.

"Niondoe? Niseme nilikosa? Kesho nani atasikia tena neno la bureau?" Akatikisa kichwa. "Amri inabaki. Weye ndiyo unatoka."

Amechukua muhuri wangu wa shefu. Kwenye ngazi nilingoja kusikia uchungu, sikuusikia. Nilisikia njaa.

Bénite alipopata habari alicheka, kama kawaida. Halafu akaniwekea bugali ya watu wawili.

Jumamosi 25 Novemba

Tumejenga ua wa Adèle: mimi, Kasonia, Timothée aliyepanda kutoka Beni, na Delphin akishika nguzo. Mbao za wima, mita mbili na zaidi, sikupima. Adèle alitaka jambo moja: usawa wa macho ya Delphin tuache nafasi, upana wa mbao moja, aone njia akipenda na aiache akipenda.

Kasonia na Timothée walikuwa wamekwenda kutafuta mbao za mwisho wakati doria ilipopita. Watu wanne. Delphin akatuacha, akaenda nyuma ya nyumba. Mkubwa wao akasimama, akaitazama ile kazi kutoka chini mpaka juu.

"Hii lupango inapita mita moja. Nani amebaruhusu?"

Mvua ilikuwa imeanza matone makubwa. Adèle alikuwa kando yangu na kopo la misumari.

"Mimi," nikasema.

"Na weye ni nani?"

"Ésaïe Kamate. Nakaa ile nyumba pale. Muniandike."

Alitazama nyundo, alitazama mvua, akatazama mlima wa kwenda Rughenda uliokuwa ukimngoja. Akatema mate, akaita wenzake, wakaenda.

Nikapiga msumari, ukapinda. Adèle aliuona. Aliingiza vidole kwenye kopo, akanipa msumari mwingine.